Mkalimani wa Video Yangu

Alikuwa anasimama hatua moja nyuma ya mwenye kusema. Kanisani alisimama nyuma ya mhubiri, upande wa kushoto, na kwa video yangu, kibanda changu cha kuonyesha sinema, alisimama nyuma kidogo ya tivi, upande ule ule, akichungulia kioo kwa kuinamisha shingo, kama vile tivi nayo ilikuwa imewekewa mikono ikaombewa. Nilimwambia siku moja, "Mzee, hiyo ni mashine tu. Hata ukisimama mbele yake haitakasirika."

Akanijibu, "Bwana mkubwa, mwenye maneno ndiye wa mbele. Mimi ni wa nyuma."

Watu wa Kitengela walimwita Mkalimani, na hakuna aliyejisumbua kutafuta jina lake lingine. Mimi nilikuwa nalijua kwa sababu ndiye niliyemwajiri, lakini halina kazi hapa.

Na lazima niseme ukweli, bila mimi huyo mzee angebaki wa kanisani tu. Niliacha shule darasa la tano. Nilifika Kitengela wakati ilikuwa mabucha machache na stesheni moja ya petroli, na ng'ombe wakivuka barabara ya Namanga bila kuuliza mtu. Leo niko na duka la hadwea, niko na nyumba za kupangisha, na watu wenye digrii hunipigia simu wakitaka ploti ambayo haina kesi. Lakini kitu cha kwanza nilichojenga kwa mikono yangu ni ile video. Mabati juu, mabati kando, mabenchi, tivi kubwa, dek ya kuchezea sinema, na jenereta niliyoichimbia shimo huko nyuma ili isishindane na sinema kwa kelele. Hakuna aliyenifundisha hiyo ya shimo. Niliwaza mwenyewe.

Shida ilikuwa lugha. Wateja wangu walikuwa watu wa viwandani waliotoka kazini wamechoka, wauza nyama, na wazee wa Kimaasai siku ya mnada, ambao waliacha rungu zao mlangoni kama sheria yangu ilivyosema. Kiingereza cha sinema kilikuwa kinatupita juu kama ndege. Basi Jumapili moja nikiwa kanisani nikamwona huyu mzee akifanya kazi yake ya kugeuza Kiingereza cha mhubiri kuwa Kiswahili, nikajiambia, huyu mtu anapoteza talanta siku sita kila wiki.

Mtu ambaye hajaona ukalimani wa kanisa letu hawezi kuelewa. Mhubiri akiinua mkono, Mkalimani anainua mkono. Mhubiri akinong'ona, naye ananong'ona. Mhubiri akilia, yeye analia, na machozi yanatoka kweli, halafu mhubiri akifuta uso, ya Mkalimani yanakauka hapo hapo. Alikuwa na koti moja la kijivu na tai moja. Akija kwangu alikuwa anafungua tai mlangoni na kuitia mfukoni. Koti alibaki nalo.

Kanisani hakuongeza neno na hakupunguza. Kuna mhubiri mmoja alichanganya mambo akasema ni Musa aliyejenga safina. Mkalimani naye, bila kupepesa jicho, akatangaza: "Musa akaingia safinani na wanyama wawili wawili." Akina mama waliangaliana. Baadaye nikamshika nje.

"Mzee, si ulijua ni Nuhu?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukurekebisha?"

"Mdomo ni wangu, maneno ni ya mwenyewe," akasema. "Nikianza kumrekebisha, kesho mtauliza ni nani aliyeitwa na Mungu, yeye au mimi."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kila siku. Mdomo ni wangu, maneno ni ya mwenyewe. Aliyasema akitania na aliyasema akigombana.

Sasa mtu huyo huyo akiingia kwa video yangu, alikuwa mwongo wa kipekee. Tulikuwa na sinema za Kichina ambazo hata yeye hakujua neno moja. Zilikuwa ndizo tamu kushinda zote. Mtu mbaya alipewa tabia za mwenye bucha fulani ambaye sote tulimjua kwa kuibia watu kwenye mizani. Msichana aliyefungwa kamba alikuwa analia kwamba amekosa gari la mwisho la kwenda Isinya. Siku moja mzee wa Kimaasai aliuliza kutoka mbele, "Hawa watu wanapigania nini?"

Mkalimani akamjibu, "Ng'ombe."

"Aa," mzee akasema, na wenzake wote wakatulia, wakajua nani ana haki. Hiyo sinema kutoka mwanzo mpaka mwisho haikuwa na ng'ombe hata mmoja.

Nilimuuliza kwa nini huku anaongeza na kule haongezi. Akasema, "Wa kule ananisikia. Huyu wa kwa tivi hanisikii, na hana mahali pa kunishtaki."

Kitu kingine. Alikuwa mwoga wa sinema za kutisha, mwoga kama mtoto. Zikija mahali pa damu au pa wafu kuamka, aliacha kuchungulia kioo na kuendelea kutafsiri akituangalia sisi. "Nasoma nyuso zenu," alisema. "Nyuso zenu zinanitosha." Na hakukosea. Mtu akifungua mdomo mbele, yeye anasema, "Ndiyo hiyo, imemshika mguu," na kweli utakuta imemshika mguu.

Alikuwa na mke mpole na mtoto mmoja, kijana aliyeitwa Wekesa. Familia yao ilikuwa imetoka magharibi kwa ajili ya kazi na ikabaki. Wekesa alimaliza kidato cha nne bila alama za kumpeleka popote, akaanza kushinda kwa gemu. Ng'ambo ya barabara kutoka kwa video yangu kuna mtu alifungua chumba cha kuchezea gemu za tivi, na vijana wote wa Kitengela wakahamia huko. Wekesa ndiye aliyekuwa fundi wao. Kulikuwa na gemu moja waliyoipenda kushinda zote, ya mgodi. Unakuwa mtu mwenye taa kichwani, unashuka chini ya ardhi kumtafuta ndugu yako, na wachimbaji waliokufa wanakutokea gizani. Mtu mwenyewe haongei kamwe. Anashuka tu. Vijana walikuwa wanakaa kimya wakimwangalia Wekesa akishuka, kama watu walio kwa ibada.

Mzee alimkanya mwanawe kama baba yeyote, kidogo kidogo, bila vita. Vita vililetwa na mkutano wa injili.

Alikuja mhubiri mgeni, wakapiga hema kwenye uwanja wazi, spika nne zikielekezwa pande zote za mji. Mimi nilikuwa mlangoni kwa video, nikisikia kila kitu. Ilikuwa mchana. Mhubiri akaita vijana waje mbele waombewe, na mama yake Wekesa akamsukuma kijana akaenda. Mhubiri akapita kwenye mstari, akafika kwa Wekesa, akasimama. Akasema kwa Kiingereza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Mimi Kiingereza changu ni cha kuuza mabati, lakini nilisikia neno nyumba na neno laana.

Halafu spika zikanyamaza. Nilijua hapo kuna mtu amesimama hatua moja nyuma na anatafuta la kufanya. Ulikuwa unyamavu mrefu kwa kazi ile. Mhubiri akarudia maneno, kwa ukali.

Sauti ya Mkalimani ikatoka, wazi, juu ya mji wote: "Kijana huyu ana pepo. Atamzika mama yake kwa aibu. Nyumba inayomlaza imelaaniwa. Atolewe."

Mikono yake nayo ilikuwa imefuata ya mhubiri, walioona waliniambia. Mhubiri alinyoosha kidole, baba naye akanyoosha kidole.

Jioni hiyo Wekesa alikuwa nyumbani akifunga nguo zake kwa mfuko wa plastiki. Mzee mwenyewe ndiye alinihadithia, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumhadithia. Alimwambia kijana, "Baba, unajua kazi yangu. Mdomo ni wangu, maneno ni ya mwenyewe."

Wekesa akamwambia, "Si mdomo ndio nilisikia?"

Akavuka barabara, akahamia kwa kile chumba cha gemu, akawa analala huko na kukilinda.

Kutoka siku hiyo nilimwona mzee akifanya kitu ambacho sikutegemea. Kila siku kabla ya kuingia kwangu alipita kwanza ng'ambo. Alisimama nje ya dirisha. Mara ya kwanza alibisha. "Wekesa, baba, fungua tuongee." Ndani sauti ya gemu ikaongezwa. Siku nyingine alibeba chakula kwenye bakuli, akakiacha, akakikuta vile alivyokiacha. Nilimwambia aache, watu wanaanza kucheka.

"Wacheke," akasema. "Nyumbani mama anapakua sahani tatu, bwana mkubwa. Kila jioni tatu. Ya tatu inakaa mezani mpaka inapoa, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Unataka nikae hapo niiangalie?"

Alikonda. Koti likawa kama limetundikwa kwenye msumari. Lakini pale dirishani alikuwa anajifunza. Mtu aliyeogopa damu ya kwa tivi akawa anajua ile gemu ya mgodi ngazi kwa ngazi, wafu wanatokea wapi, taa inazimika wapi. Siku moja akanijia na macho yamemtoka.

"Nimesikia vijana wakisema hiyo gemu yao imetengenezewa sinema. Nitafutie."

"Mzee, wewe na sinema za wafu?"

"Nitafutie tu. Haji kwangu, haji nyumbani, kanisani ndiyo usiseme. Lakini hiyo sinema atakuja kuiona. Atakaa mahali ambapo mimi naongea, na hataweza kuongeza sauti."

Mimi ni mtu wa kufanya mambo. Nikaenda Nairobi, kwa wale wa kuuza CD barabarani. Yule muuzaji akacheka. "Hiyo? Hiyo hata wazungu wenyewe wameikataa. Inaoza hapa. Chukua ingine." Nikaichukua hiyo hiyo. Nilipofika nyumbani nikaiangalia kidogo na kweli ilikuwa takataka. Lakini nilisema, huyu mzee ameshafanya takataka nyingi zikawa tamu, atashindwa na hii?

Nikaandika kwa ubao, kwa chaki nyekundu. Jumamosi mchana video ilijaa mpaka watu wakasimama. Kundi lote la gemu lilivuka barabara. Wekesa alikuja nyuma yao, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, mikono kifuani. Mzee alimwona. Hakumsalimu. Alimeza tu maji yake ya moto yenye tangawizi, ya kulainisha koo, akasimama mahali pake.

Ilianza kuharibika mapema. Yule mtu mwenye taa, wa kwa gemu, kwa sinema alikuwa ni mtu wa maneno mengi, na tabasamu juu.

"Huyo jamaa kwa gemu haongeangi," mmoja akasema.

"Hapa amelipwa kwa kila neno," mwingine akasema, na wakacheka.

Mfu wa kwanza akatokea, rangi nyekundu ikimchuruzika kidevuni.

"Hiyo ni tomato."

"Zombi ako na saa ya mkono. Angalieni."

"Ndio asichelewe shift."

Hapo kicheko kilikuwa cha mabenchi yote, na hata mzee alijaribu kupanda juu yake. Alisema wachimbaji wamekufa wakingoja mshahara. Siku nyingine hiyo ingewaangusha chini. Lakini yale ya dirishani yalikuwa yamemtoka kichwani, na hawa vijana walikuwa wanaijua ile hadithi kuliko yeye, na kila alipotengeneza jambo walilivunja. Akasema huyu anatafuta dhahabu, wakasema sivyo, mzee, anatafuta ndugu yake. Akasema lifti imekatika, wakasema hiyo ni ngazi ya tatu, lifti haiko. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Watu wangu wa viwandani wakaanza kuguna kwamba wamekuja kupumzika, si kusikiliza ubishi. Nilikuwa karibu kuzima.

Ndipo ikafika mahali pa mwisho. Mwenye taa amefika chini kabisa, na ndugu yake amesimama mbele yake, ameshakuwa mfu, mkono umenyooshwa. Bunduki imeinuliwa. Kwa sinema hakuna aliyesema kitu hapo, ni muziki tu. Mkalimani akaacha kuchungulia kioo, kama kawaida yake. Lakini hakutuangalia sisi wa mbele. Aliangalia benchi la mwisho. Na halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya mahali popote. Alitoka pale nyuma ya tivi akapita mbele yake.

Akasema, kwa sauti ya yule mfu, "Ngoja. Usipige bado. Yale niliyosema juu hayakuwa maneno yangu. Nilikuwa mdomo tu."

Akafuta jasho usoni.

"Hapana," akasema. "Yalikuwa yangu. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, na nilikuwa nimeshanyamaza, halafu nikasema. Nimekaa huku chini tangu siku hiyo. Rudi nyumbani. Mama yako bado anapakua."

Nimeona watu wengi wakisema mambo mbele ya wengine, wanasiasa, wachungaji, na mimi mwenyewe si mdogo kwa kuongea. Sijasikia kimya kama kile. Jenereta ilisikika, na iko kwa shimo.

Halafu kijana mmoja wa mbele, bila ubaya, akasema, "Lakini mzee, huyo hasemi. Huyo ameshakufa."

Wakacheka. Si kwa chuki, walicheka kwa sababu kimya kilikuwa kimewazidi. Wekesa akasimama. Nilifikiri anakuja mbele, na naapa mzee pia alifikiri hivyo, maana alifungua mikono kidogo. Kijana akasema, akiwaambia wenzake, si yeye:

"Anaongeza. Hiyo haiko kwa sinema."

Akatoka. Mlango ulipofunguka mwanga uliingia mpaka kwa kioo, na sikuona yule mwenye taa alifanya nini na bunduki yake.

Mzee hakutafsiri tena. Kwangu hakurudi, na Jumapili kanisani alikaa benchi la nyuma na wengine, mhubiri akasubiri, mwishowe akasimama kijana fulani wa chuo. Nilimfuata nyumbani nikamwomba. Mimi siombi watu. Akasema koo limekufa. Wekesa akaondoka Kitengela kabla mwaka haujaisha, na wazazi wake wakahamia Kajiado mjini, baba akafungua kibanda cha sabuni na sukari. Mimi nilifunga video baadaye, watu walipoanza kuwa na CD zao nyumbani, nikaingia kwa ploti, na hayo mengine mnayajua.

Mama yake Wekesa alipofariki nilienda mazishi. Wekesa alikuja. Alisimama ng'ambo ya kaburi, akatupa udongo wake, akaenda kabla ya chakula. Baba na mwana hawakuangaliana.

Mara ya mwisho kuwa na Mkalimani kwa muda mrefu ilikuwa baada ya hapo. Nilikuwa Kajiado kwa mambo ya ardhi, nikapita kwa kibanda. Sauti yake ilikuwa imebaki kama karatasi ikikunjwa. Tulisalimiana, akaangalia gari langu.

"Wekesa yuko Matasia," akasema. "Anatengeneza tivi. Ako na watoto wawili. Nimeenda mara mbili kwa miguu yangu, anaingia ndani anafunga. Wewe anakuheshimu. Nipeleke."

Tukapitia Isinya, tukameza vumbi mpaka Kiserian, tukafika Matasia. Wekesa alikuwa nje na tivi imefunguliwa matumbo. Aliniona mimi kwanza akatabasamu, halafu akamwona aliyekuwa kiti cha pili. Nilimwambia, "Mimi nimekuja kunywa chai. Huyu nimekuja naye." Hangeweza kunifukuza. Nilimjua tangu hajaota ndevu.

Akatuweka sebuleni. Bibi yake akaleta chupa ya chai na mkate, akarudi jikoni haraka. Nyuma ya nyumba watoto walikuwa wanakimbizana, unasikia miguu yao ikipita chini ya dirisha. Mzee alishika kikombe kwa mikono yote miwili na hakunywa.

Akasema, akiniangalia mimi, "Mwambie nimekuja kumwona."

Nilicheka kidogo, maana kijana alikuwa hapo, goti lake karibu liguse la baba yake. Hakuna aliyecheka na mimi. Basi nikageuka nikasema, "Wekesa, anasema amekuja kukuona."

"Mwambie ameona," Wekesa akasema.

Nikamwambia.

"Mwambie mama yake aliuliza habari zake mpaka mwisho."

Nikasema. Wekesa alikuwa anaangalia mikono yake, iliyokuwa na mafuta ya mashine. "Mwambie najua. Nilikuwa nampigia."

Hiyo mzee hakuijua. Niliona ikimfika usoni. Miguu ya watoto ikapita tena, na mmoja akapiga kelele kwamba si zamu yake.

"Mwulize," mzee akasema, na sauti ilikuwa karibu haipo, "kama naweza kuwaona hao watoto. Hata kwa mlango tu. Halafu nitaenda."

Nikauliza. Wekesa alifuta mafuta ya mikono kwa suruali. Kisha akasema polepole, kila neno mahali pake, na akaniangalia mimi machoni, "Mwambie hapa hana mjukuu."

Mzee alikuwa amesikia. Hakuna ukuta kati yao, na Kiswahili ni kile kile. Lakini aliinua uso akaningoja, kama watu walivyokuwa wakimngoja yeye.

Mimi nimeuza ploti kwa watu wagumu. Nimesimama mbele ya machifu na mawakili na sijawahi kukosa la kusema. Nikaweka kikombe chini.

"Anasema watoto bado wanacheza," nikasema. "Wakimaliza watakuja."

Wekesa aligeuka akaniangalia. Mzee naye akaniangalia, halafu akamwangalia kijana. Nilingoja mmoja wao aseme sivyo. Bibi alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni na kitambaa mkononi.

Hakuna aliyesema. Huko nje mtoto mkubwa alikuwa anahesabu kwa sauti, uso wake umefichwa mahali fulani, na mdogo akitafuta pa kujificha. Tukakaa hapo, tukingoja wamalize.